Vizibo Kumi na Viwili: Kikao cha Wapiga Kengele wa Addlecombe, Machi 7, 1867

SIRI. KWA MKONO WA WAKILI WA TAMSIN YEO, EXETER, NA SI MWINGINE.

Bwana Wakili, kabla hujasoma mstari wa kwanza nakusihi ufunge mlango. Usimsomee karani wako, usimsomee mkeo, wala usiache karatasi hizi mezani ukaenda kula. Mimi ni karani pia, najua karatasi iliyoachwa mezani husomwa na nani. Neno moja likifika Addlecombe kabla Jaji hajaketi Jumanne, mama yangu atatolewa nyumbani, mtu mmoja mwema atapoteza karakana yake, na mimi sijui nitapata nini. Yaliyomo humu ni kumbukumbu za kweli za kikao cha jana. Katika kitabu cha kanisa zimo nyingine, nilizoziandika kwa mkono huuhuu kwa amri. Zile usiziamini.

CHAMA CHA WAPIGA KENGELE, KANISA LA MTAKATIFU PETROKI, ADDLECOMBE

KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA NNE CHA KAMATI, KILICHOFANYIKA ALHAMISI, MACHI 7, 1867, KATIKA CHUMBA CHA KAMBA CHINI YA MNARA

WALIOHUDHURIA

1. Bw. Ralph Loveys, Mwenyekiti. Mzee wa kanisa. Msimamizi wa mashamba ya Barton, na tangu mwezi uliopita mrithi wake, baada ya kifo cha shangazi yake, Bi. Drusilla Hext.
2. Mchungaji Lancelot Pridham, Mlezi wa chama.
3. Mzee Reuben Chugg, Kiongozi wa wapigaji. Amevuta kamba ya kengele kubwa miaka arobaini na mmoja. Ni mjomba wa Tamsin Yeo.
4. Bw. Elias Vosper, Mjumbe. Mshona matandiko ya farasi.
5. Bw. Gideon Tapp, Mjumbe. Mhunzi.
6. Silas Endacott, Katibu. Karani katika ofisi ya Bw. Loveys.

ASIYEHUDHURIA

Bw. Noah Heard, Mjumbe. Mkewe alileta taarifa kwamba kichwa kinamuuma. Wajumbe walipokuwa wakipita walimwona nyuma ya nyumba akipasua kuni.

KUMB. NA. 4/1: KUFUNGUA KIKAO

Mwenyekiti alifungua kikao saa tisa na dakika kumi alasiri. Mchungaji aliomba sala fupi ya amani na upendano. Mzee Chugg hakuitikia amina. Mwenyekiti alimuuliza kama amekuwa kiziwi. Mzee Chugg alijibu kwamba masikio yake hayajazibwa, zilizozibwa ni kengele.

Mwenyekiti alieleza kwamba ameitisha kikao kwa jambo moja tu, nalo ni mwenendo wa Mzee Chugg. Alisema mzee huyo amesimama mara mbili katika baa ya kijiji akiwa na kikombe mkononi na kutangaza kwamba mpwa wake Tamsin, aliyekuwa mtumishi wa marehemu Bi. Hext na sasa yumo gerezani Exeter kwa kosa la kumtilia bibi yake sumu ya panya katika uji, atanyongwa kwa kazi ya mtu mwingine. Mwenyekiti alisema angependa jambo hilo litangulie.

Mzee Chugg alipinga. Alisema tangu chama kianzishwe, kikao hakijawahi kumhukumu mtu kabla ya kusoma kumbukumbu za kikao kilichopita. "Hata walipomfukuza marehemu babangu kwa ulevi, walisoma kwanza. Alisikiliza zote, akiwa amelewa."

Mchungaji alithibitisha kwamba ndiyo desturi. Mwenyekiti, ambaye siku zote hupenda mambo yafanyike kwa utaratibu wake, alikubali. Alisema ni shughuli ya dakika mbili, akamwamuru Katibu asome haraka.

KUMB. NA. 4/2: KUSOMA KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA TATU

Katibu alisoma kumbukumbu za kikao cha Jumanne, Februari 12. Kipengele cha 3/4 na cha 3/5 vinanukuliwa hapa kama vilivyosomwa:

"3/4. Mchungaji alipanda ngazi hadi penye kengele kuona uharibifu wa panya. Alishuka akasema ameona kiota chenye watoto saba, na kwamba ngazi hiyo ni ndefu kuliko alivyoikumbuka ujanani.

"3/5. Mwenyekiti alieleza kwamba vizibo vya ngozi vimeliwa na panya na havifai tena. Alimwagiza Bw. Vosper ashone vipya kumi na viwili, vya pande zote mbili za ulimi, kwa kengele zote sita, viwe tayari Ijumaa tarehe 15 asubuhi. Bw. Tapp aliuliza haraka ni ya nini. Mwenyekiti alijibu kwamba chama chenye adabu hakingoji msiba ndipo kitafute sindano. Ilikubaliwa."

Bwana Wakili, wewe ni mtu wa mjini, kwa hiyo naingiza maelezo haya ambayo kamati haikuyahitaji. Akifa mpiga kengele au mwenye shamba, tunafunga kizibo cha ngozi upande mmoja wa ulimi wa kengele. Mlio unakuwa mmoja mkubwa, kisha mmoja wa mbali kama mwangwi. Vizibo vya pande zote mbili, vinavyoifanya kengele ilie kama iliyofukiwa, hufungwa kwa watu watatu tu: mwenye taji la Uingereza, mchungaji wa parokia hii, na mwenye nyumba ya Barton, kwa sababu wazee wa Barton ndio waliozinunua kengele. Hakuna wa nne. Mtoto wa Addlecombe hulijua hilo kabla ya kujua kusoma.

Tena ujue tarehe. Jumanne ya kikao hicho Bi. Hext alikuwa mzima. Aliugua Jumatano usiku, akafa Alhamisi adhuhuri, akazikwa Jumatatu iliyofuata, kengele zote sita zikiwa zimezibwa pande mbili kwa vizibo vipya. Mbele ya baraza la uchunguzi wa kifo Bw. Loveys aliapa kwa Biblia kwamba hakuwa na wazo lolote la msiba hadi alipoamshwa usiku ule wa Jumatano.

Katibu alipomaliza kusoma, wajumbe wote walikuwa wakimtazama Mwenyekiti. Inaandikwa hapa kwa uaminifu kwamba Katibu mwenyewe hakuwa ametambua alichosoma hadi alipoinua macho.

Bw. Vosper aliomba tarehe irudiwe. Katibu aliirudia. Bw. Vosper aliomba irudiwe tena. Mwenyekiti alisema Katibu si kasuku. Katibu aliirudia.

KUMB. NA. 4/3: YATOKANAYO NA KIPENGELE CHA 3/5

Mwenyekiti aliagiza kwamba maneno ya mabishano yasiandikwe, bali maazimio tu. Katika kitabu ndivyo ilivyofanyika. Hapa yameandikwa kama yalivyosemwa.

Bw. Vosper alisimama. Alisema yeye si msemaji, na kwamba alikuwa amekaa na jambo hili tumboni wiki tatu bila kulijua jina lake. Alisema:

"Jumatano ile nilikuwa dirishani nashona. Kizibo cha tano, cha sita, hapo. Bi. Hext akapita, ana kikapu. Akasimama akanigongea kioo. Akasema, 'Elias, unashona nini kizuri hivyo?' Nikamwambia, 'Vizibo vya mnara, bibi.' Akacheka. Akasema, 'Basi maliza upesi, nataka hatamu mpya kabla ya Jumanne, nakwenda Exeter kuonana na wakili wangu, kuna jambo nimeliandika vibaya nataka nilirekebishe.' Kisha akaenda zake kununua utepe. Nami nikainama nikaendelea. Ninyi mnanielewa? Nilikuwa nashona ngozi za maziko ya mwanamke, naye amesimama mbele yangu ananiambia nishone upesi!"

Bw. Vosper alipiga meza. Wino ulimwagika kidogo. Katibu aliufuta.

Mwenyekiti alimtaka Bw. Vosper akae chini na akumbuke karakana yake iko katika uwanja wa nani. Bw. Vosper alijibu kwamba analikumbuka vizuri, kwa kuwa Mwenyekiti humkumbusha kila wiki, lakini leo atasimama.

Bw. Tapp alisema anaona watu wanapandishana hasira bure. Alisema siku ile yeye alidhani vizibo ni vya Mchungaji.

Mchungaji aliuliza kama amesikia vizuri.

Bw. Tapp alisema, "Usikasirike, Mchungaji. Mwezi wa pili huondoka na wazee. Na kile kikohozi chako... sote tulidhani. Hata mke wangu alishatoa gauni jeusi sandukuni."

Mchungaji alisema anamshukuru mke wa Bw. Tapp.

Mwenyekiti alisema Bw. Tapp amesema kweli tupu, na kwamba kwa heshima tu alikuwa hajataka kulitamka mbele ya mhusika. Alieleza kwamba aliagiza vizibo kwa sababu afya ya Mchungaji ilikuwa imemtia hofu kubwa, na kwamba anasikitika upendo wake kwa kiongozi wa kiroho umegeuzwa kuwa mtego na mzee mlevi. Aliuliza kama kuna mwenye swali jingine.

Mchungaji alisema kwa sauti ya chini kwamba ana swali moja. Alimwomba Katibu asome tena kipengele cha 3/4. Katibu alisoma kuhusu ngazi na kiota.

Mchungaji alisema, "Ngazi hiyo ina vipago hamsini na vinne. Nilivihesabu, nikijivunia. Sikukohoa hata mara moja. Bwana Loveys, wewe ndiye uliyenishikia taa."

Mwenyekiti alisema kikohozi kilikuwa kimeanza kabla ya hapo.

Mchungaji alisema, "Kilianza makaburini, Jumatatu ya maziko, kwa mvua ile. Nilisimama bila kofia kwa ajili ya shangazi yako. Nilikuwa mzima, Bwana Loveys. Jumanne tarehe kumi na mbili nilikuwa mzima kabisa, na ulikuwa unajua."

Mzee Chugg aliuliza kama basi vizibo vilikuwa vya Malkia. Alitaka kujua nani Addlecombe alipata habari za afya ya Malkia kabla ya magazeti.

Mwenyekiti aligonga meza, akasema swali la nani alimuua shangazi yake limekwisha kujibiwa. Msichana ndiye aliyekwenda kwa muuza dawa Jumatatu kabla ya kifo, ndiye aliyetia alama yake ya msalaba katika daftari la sumu, ndiye aliyeupika uji.

Maneno yaliyofuata yanaandikwa kama mazungumzo, kwa sababu hayakungojana:

Mzee Chugg: "Alitia msalaba kwa kuwa hajui kuandika! Na alikwenda kwa kuwa alitumwa! Nani alimtuma?"

Mwenyekiti: "Alijituma."

Mzee Chugg: "Tamsin? Mtoto yule haendi hata kisimani bila kutumwa. Amekaa kwa shangazi yako miaka minne, anamsugua miguu, anamsomea mawingu kwa kuwa kitabu hakijui. Amuue ili apate nini? Alipata nini? Wewe umepata Barton!"

Mwenyekiti: "Chunga ulimi wako, Chugg."

Mzee Chugg: "Uzibe basi! Pande zote mbili! Si unajua kuagiza?"

Bw. Tapp: "Jamani, tuko kanisani."

Mzee Chugg: "Tuko chini ya mnara, Gideon, na mnara una kengele sita na zote zinajua. Wewe pia unajua. Unatetemeka kama ndama."

Bw. Tapp: "Nina watoto sita, Reuben."

Mzee Chugg: "Na dada yangu ana mmoja."

Baada ya hapo Mchungaji alilazimika kusimama kati ya Mzee Chugg na Mwenyekiti. Kiti kimoja kilivunjika mguu.

Ilibainika kwamba katika kelele hizo zote hakuna mtu, hata Mwenyekiti, aliyemjibu Mzee Chugg vizibo vilikuwa vya nani.

KUMB. NA. 4/4: HOJA YA KUREKEBISHA KUMBUKUMBU

Utulivu uliporejea, Mwenyekiti alitoa hoja kwamba kumbukumbu za kikao cha tatu haziwezi kuthibitishwa kama zilivyo, kwa kuwa Katibu, kijana asiye na uzoefu, alisikia vibaya. Alieleza kwamba yeye aliagiza vizibo sita vya upande mmoja, kwa ajili ya mpiga kengele yeyote atakayefariki, na kwamba Bw. Vosper alishona kumi na viwili kwa tamaa ya kazi.

Bw. Vosper alisema neno ambalo haliandikwi.

Mwenyekiti alimgeukia Katibu, akamuuliza mbele ya wajumbe kama hakusikia vibaya. Aliuliza kwa upole sana. Katibu alisema... Bwana Wakili, nimeandika mstari huu mara tatu. Katibu alisema kwamba huenda alisikia vibaya.

Mzee Chugg alimtazama Katibu. Alisema, "Silas, mwanangu. Wewe na Tamsin mlikaa benchi moja kanisani mkiwa wadogo. Alikuwa akikupa tofaa lake."

Kura zilipigwa kwa kunyoosha mkono. Waliokubali marekebisho: Mwenyekiti na Bw. Tapp. Bw. Tapp alinyoosha mkono akiwa amefumba macho. Waliokataa: Mzee Chugg na Bw. Vosper. Katibu hana kura.

Mchungaji hakunyoosha mkono upande wowote. Alisema amesema aliyokuwa nayo kuhusu kikohozi chake, na zaidi ya hapo yeye ni mchungaji wa wote. Mzee Chugg alisema, "Wa wote, isipokuwa mwenye kamba shingoni." Mchungaji aliinamisha kichwa. Itakumbukwa kwamba mwenye nyumba ya Barton ndiye anayechagua mchungaji wa parokia na ndiye anayeweza kumchosha hadi aondoke.

Kura zikiwa sawa, Mwenyekiti alitumia kura yake ya turufu. Hoja ilipita. Iliazimiwa kwamba ukurasa wa kipengele cha 3/5 uondolewe na uandikwe upya.

KUMB. NA. 4/5: KUTEKELEZA AZIMIO

Mwenyekiti alitaka azimio litekelezwe papo hapo. Katibu aliukata ukurasa kwa kisu chake cha kalamu, akaandika mwingine kwa maneno aliyotajiwa, akaubandika. Mwenyekiti alitia sahihi chini ya ukurasa mpya. Ule wa zamani aliutia katika jiko kwa mkono wake, akausukuma kwa fimbo hadi ukaisha.

Kisha alimuuliza Katibu kama kuna ukurasa mwingine. Katibu alijibu kwamba katika kitabu hakuna mwingine. Jibu hilo lilikuwa la kweli kuhusu kitabu.

KUMB. NA. 4/6: MWENENDO WA MZEE CHUGG

Mwenyekiti alipendekeza Mzee Chugg aondolewe uongozi na asiguse kamba tena. Kabla kura haijaitishwa Mzee Chugg alivua mkanda wa ngozi anaovaa akivuta kengele, akauweka mezani. Alisema:

"Chukua. Nimewapigia watu wa kijiji hiki wakiingia na wakitoka. Nimempigia mke wangu kwa mikono hii, sikukosea pigo. Shangazi yako nilimpigia saa nzima na vizibo vyako, nikilia, nikidhani nakufanyia heshima. Lakini sikiliza, Ralph Loveys. Siku yako ikifika, iwe ya kitandani au ya kwingine, nitakuja hapa nikae chini ya kamba hiyo na kukunja mikono. Kijiji kizima kitasikia nisivyopiga."

Mwenyekiti alisema kikao kimeyapokea maneno hayo kama barua ya kujiuzulu.

Bw. Vosper alisema yeye pia anajiuzulu. Alichukua vile vizibo kumi na viwili vilivyokuwa vimetundikwa ukutani, akasema ni vyake, kwa kuwa kitabu sasa kinasema havikuagizwa. Mwenyekiti alimwamuru aviache. Bw. Vosper alimwomba Mwenyekiti aje avichukue mwenyewe. Mwenyekiti hakwenda. Bw. Vosper alitoka navyo begani.

KUMB. NA. 4/7: MENGINEYO

Mwenyekiti alimwomba Katibu abaki baada ya wengine. Alimsifu kwa mwandiko wake, akasema ni mwandiko wa mtu anayeweza kufika mbali. Aliuliza hali ya mama yake Katibu, kama paa la nyumba bado linavuja. Alisema nyumba ile ingeweza kuezekwa upya mwaka huu, au ingeweza kubomolewa, bado hajaamua. Kisha alimwekea Katibu mkono begani, akauacha hapo muda mrefu kuliko ilivyo desturi.

Katibu alisema, "Ndiyo, Bwana."

KUMB. NA. 4/8: KUFUNGA KIKAO

Kikao kilifungwa saa kumi na moja kasorobo alasiri, bila sala. Mchungaji alikuwa amekwisha toka.

KIAMBATISHO

Bwana Wakili, sasa soma kwa makini, maana hapa ndipo ilipo shingo ya Tamsin.

Katibu haandiki kitabuni moja kwa moja. Huandika kwanza rasimu mezani, kikao kikiendelea, halafu nyumbani ananakili kwa mwandiko safi. Kilichochomwa jana ni nakala safi. Rasimu ya Februari 12 ninayo, na nimeifunga pamoja na karatasi hizi. Bw. Loveys ameisahau, na najua kwa nini: mtu wa cheo chake hudhani kwamba karatasi ikishanakiliwa imekwisha kufa.

Lakini siku ile hakuipuuza. Ana tabia ya kukagua rasimu kabla hajainuka mezani, kwa kuwa hamwamini karani yeyote. Mimi, kwa mazoea, nilikuwa nimeandika "vya upande mmoja", kwa sababu miaka miwili niliyokaa na kitabu hicho sijawahi kuandika vingine. Nilikosea kweli, kama alivyosema jana. Yeye ndiye aliyenisahihisha. Utaona maneno yangu yamekatwa kwa mstari mmoja mnyoofu, na juu yake, kwa mkono wake na wino wake, ameandika:

"PANDE ZOTE MBILI. Kengele zote sita. Kuwa makini, Endacott. R. L., 12 Februari."

Mwandiko wake utaulinganisha na barua yoyote ya Barton. Siku hiyo Malkia alikuwa mzima, Mchungaji yuko juu ya ngazi anahesabu vipago, na Bi. Hext alikuwa na siku mbili.

Nimejaribu kuwa makini.

SAHIHI

MWENYEKITI: Hajasaini kumbukumbu hizi. Sahihi yake iko katika kiambatisho.

KATIBU: Silas Endacott, Ijumaa, Machi 8, 1867, Exeter

JINSI YA KUNIPATA

Usiniandikie Addlecombe. Leo alfajiri nilitoka kwa gari la msaga unga, nikiwa kati ya magunia, na ofisini wanadhani nina homa. Usije mwenyewe kwa gari la farasi, maana litaonekana. Tuma mtu mmoja, kwa miguu, kabla ya Jumatatu adhuhuri.

Ashuke hadi mtoni, apite kiwanda cha ngozi, kisha ahesabu milango minne upande wa kushoto. Mlango una rangi ya kijani iliyobanduka chini. Hapo anakaa Bi. Charity Northcott, dada yake Vosper, anayefua glavu za watu. Asiulize jina langu, kwa kuwa atajibiwa kwamba halijulikani. Aseme amekuja kuulizia vizibo vya mnara. Bi. Northcott atamuuliza, "Vya upande mmoja?"

Mtu wako ajibu, "Vya pande zote mbili." Akijibu hivyo atapandishwa chumba cha juu, na atanikuta nimevaa koti, tayari kuja kuapa. Vizibo vyenyewe, alivyonikabidhi Vosper jana usiku, viko chini ya kitanda, vyote kumi na viwili, na Vosper atafika Jumapili.

Atakayejibu "upande mmoja" ametumwa na Bwana Loveys, maana ndivyo kitabu kinavyosema sasa. Huyo Bi. Northcott atamwambia amepotea njia, na mimi nitatorokea dirisha la nyuma.